Derrick Thomas: Mlinzi Aliyesafiri Bila Mkanda

Katika safu hii ya maisha ya watu mashuhuri tunamtazama leo mwanamichezo ambaye wengi wetu hapa Shinyanga na Geita hatujapata kumsikia. Vijana wetu wanawataja wachezaji wa Simba na Yanga mmoja mmoja, lakini mpira wa Kimarekani ni mgeni kwetu. Tumemchagua Derrick Thomas kwa sababu maisha yake yanagusa mambo mawili tunayoyafahamu vizuri: mtoto anayekua bila baba, na barabara inayomeza watu wenye nguvu zao.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Katika mpira wa Kimarekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10, na ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mchezaji mmoja, mgawa mpira, ndiye anayeupokea na kuamua autupe kwa nani. Upande wa ulinzi yupo mchezaji aitwaye lainibeka, anayesimama nyuma ya mstari wa mbele. Kazi yake ni kuziba njia, kukaba wakimbiaji, na inapowezekana kumfikia mgawa mpira na kumwangusha kabla hajautupa. Ni kazi inayotaka nguvu na kasi pamoja. Afrika Mashariki nayo imewahi kumtoa mchezaji wa nafasi hii: Daniel Adongo wa Kenya, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013.

Derrick alizaliwa Miami, jimbo la Florida, tarehe 1 Januari 1967. Baba yake, Robert Thomas, alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Marekani. Desemba 1972 jeshi hilo lilishambulia Vietnam ya Kaskazini kwa ndege kubwa aina ya B-52, katika operesheni iliyopewa jina la Linebacker II. Ndege ya Robert Thomas ilitunguliwa, naye hakurudi nyumbani. Derrick alikuwa na miaka 5, zimebaki siku chache afikishe 6. Miaka ilipopita akawa mchezaji maarufu wa nafasi ileile iliyotoa jina la operesheni iliyomwondolea baba.

Alilelewa na mama yake na ndugu wa familia. Alipofika umri wa ujana alianza kupotoka, akafikishwa mbele ya hakimu wa watoto na kupelekwa kwenye programu ya kuwarekebisha vijana. Hapo angeweza kuishia. Lakini watu wazima walimshika mkono, akarudi shuleni, na uwanja wa mpira ukampa mahali pa kupeleka nguvu zake. Akajiunga na Chuo Kikuu cha Alabama, na katika msimu wa 1988 peke yake akawaangusha wagawa mpira mara 27. Mwaka huo alipewa Tuzo ya Butkus, inayotolewa kwa lainibeka bora wa vyuo vikuu.

Mwaka 1989 timu ya Kansas City Chiefs ilimchagua akiwa mchezaji wa 4 kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia ligi kuu ya NFL. Msimu wa kwanza tu akatajwa mlinzi chipukizi bora. Akabaki na timu hiyo misimu yote 11 ya kazi yake. Mara 9 alichaguliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi, na hesabu yake ya kuwaangusha wagawa mpira ilifika 126.5. Hiyo nusu inatokana na utaratibu wa kugawana pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu mmoja kwa pamoja.

Siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 11 Novemba 1990, ambayo Marekani huadhimishwa kuwa Siku ya Maveterani, kwa heshima ya waliolitumikia jeshi. Chiefs walikuwa nyumbani wakipambana na Seattle Seahawks. Siku hiyo mtoto wa rubani alimwangusha mgawa mpira wa Seattle mara 7, rekodi ya mechi moja katika NFL. Lakini katika mchezo wa mwisho kabisa alimfikia kwa mara ya nane, akamgusa, na yule mgawa mpira akaponyoka. Akautupa mpira, ukadakwa, na Seattle wakashinda 17 kwa 16. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote uwanjani akarudi nyumbani ameshindwa. Mkulima wa pamba anayeifahamu mvua kubwa inayonyesha wiki moja kabla ya mavuno ataelewa jambo hili bila kuelezwa.

Mwaka huohuo wa 1990 Thomas alianzisha taasisi ya watoto, akaiita Third and Long. Kwa lugha ya mchezo wao ni jaribio la tatu huku umbali uliobaki ukiwa mrefu, yaani hali ya timu iliyokaribia kuishiwa nafasi lakini bado haijaishiwa. Yeye mwenyewe alikuwa ametokea katika hali hiyo. Jumamosi za msimu alikutana na watoto wa mitaa maskini ya Kansas City kwenye maktaba, wakasoma vitabu pamoja. Mwaka 1993 NFL ilimpa tuzo ya Mtu Bora wa Mwaka, ambayo hutazama pia utumishi wa mchezaji kwa jamii.

Hatumsimulii kama mtakatifu. Novemba 1998, katika mechi dhidi ya Denver, hasira ilimshinda. Alifanya makosa 3 ya utovu wa nidhamu katika shambulizi moja la wapinzani, na timu yake ikamsimamisha mechi moja. Wala hakufika kwenye Super Bowl, fainali ambayo kila mchezaji wa kule huiota.

Tarehe 23 Januari 2000 Thomas alikuwa akiendesha gari pamoja na wenzake wawili kuelekea uwanja wa ndege wa Kansas City. Walikuwa wakienda St. Louis kutazama mechi. Theluji ilikuwa imeanguka na barabara ilikuwa inateleza, na gari lilikuwa kwenye mwendo mkali. Likapinduka. Thomas hakuwa amefunga mkanda, akarushwa nje. Mwenzake mmoja, ambaye naye hakuwa amefunga, alifariki. Wa tatu alikuwa amefunga mkanda, akatoka na majeraha madogo.

Gari lilikuwa moja, na ajali ilikuwa moja. Kilichowatenganisha watu hao watatu ni ukanda wa kitambaa ambao kuufunga hakuchukui hata sekunde tano.

Uti wa mgongo wa Thomas uliumia, akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Alihamishiwa hospitali ya Miami, mji aliozaliwa. Tarehe 8 Februari 2000 damu iliyoganda ilifika kwenye mapafu, akafariki akiwa na miaka 33. Aliacha watoto 7. Maelfu ya watu wa Kansas City walipanga foleni uwanjani kuuaga mwili wake, na mwaka 2009 jina lake likaingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye idadi hiyo ya watoto. Mtu huyu alijua kuliko wengi maana ya kungoja baba asiyerudi. Alitumia Jumamosi zake kuwa kama baba kwa watoto wa wengine. Baba yake aliondolewa na vita, jambo lililo nje ya uwezo wa mtu mmoja. Yeye aliondolewa na jambo lililokuwa mikononi mwake.

Katika parokia zetu za ukanda wa dhahabu watoto wa namna hiyo tunawafahamu. Baba yuko machimboni Nyarugusu au Kahama, anashuka kwenye duara akiamini kifua chake kipana kitamtosha. Akipata chochote anapanda mchomoko uliojaza abiria kupita kiasi, au bodaboda bila kofia ngumu, usiku, kwa mwendo wa kuwahi. Tukimwambia ajilinde, anacheka, kwa sababu ana nguvu. Thomas alikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Kazi yake ilikuwa kuwaangusha watu wakubwa wenye mbio, na bado barabara yenye utelezi haikumuuliza rekodi yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo mkali anatenda kosa zito. Kwa hiyo kufunga mkanda, kumwambia dereva apunguze mwendo, na kukataa kushuka kwenye duara lisilo na magogo ya kuzuia kifusi ni sehemu ya Amri ya Tano. Na kwa mwenye watoto ni sehemu ya upendo wake kwao. Tunawaalika waseminari walihubiri jambo hili bila aibu, na wazazi wawaulize wanaosafiri kama wamefunga mkanda, kama wanavyowauliza kama wamekula.

Tumwombee Derrick Thomas na wote waliofia barabarani na machimboni, na watoto waliowaacha. Bwana awape pumziko la milele.