Cameron, mwanamaji aliyeupima mto Lualaba kwa maji yanayochemka

Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyezaliwa 1844, alitumwa mwaka 1873 kumsaidia David Livingstone. Akiwa Tabora alipata habari za kifo chake, lakini akaendelea na safari.

Agosti 1874, baada ya kupita nchi ya Manyema, yalipo leo maeneo ya Kabambare na Kasongo, alifika Nyangwe. Swali lilikuwa moja: je, Lualaba ni Nile, kama alivyodhani Livingstone?

Msafara haukuwa na muda wa kupima ardhi hatua kwa hatua. Cameron alichemsha maji na kusoma kipimajoto, kwani mahali palipo juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Njia hiyo ni ya haraka, lakini si sahihi sana. Nyangwe ilionekana kuwa chini kidogo ya Gondokoro, kwenye Nile. Kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo, alikadiria pia wingi wa maji: Lualaba uliizidi Nile ya Gondokoro mara kadhaa.

Novemba 1875 alifika pwani ya Atlantiki. Mwaka 1877 Henry Morton Stanley aliufuata mto hadi baharini, ikathibitika kuwa ni Kongo. Cameron alifariki 1894 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi.