Mfuaji Nguo Aliyeshinda kwa Kubisha Hodi

Tunapotaja ushujaa, sisi watu wa majeshi huukumbuka kwanza uwanja wa vita. Lakini upo pia ushujaa wa mtu anayebisha hodi mlangoni kwa mtu asiyemjua, akafukuzwa, kisha akaenda kubisha mlango wa pili kwa uso ule ule mkunjufu. Ushujaa wa namna hiyo ndio uliompa sifa mwanamke mmoja Mweusi wa Marekani, Sarah Breedlove, aliyekuja kujulikana kwa jina la Madam C. J. Walker.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, katika shamba la pamba huko Delta, jimbo la Louisiana. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa wamekaa utumwani mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, na Sarah ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Uhuru huo haukuja na shibe. Alipokuwa na umri wa miaka saba alikwisha kufiwa na baba na mama. Akalelewa na dada yake, ambaye mumewe alikuwa mtu mkatili, na ili kuuepuka ukatili huo Sarah aliolewa akiwa na miaka 14 tu. Mwaka 1885 alimzaa binti yake, Lelia. Miaka miwili baadaye mumewe akafariki, akamwacha mjane wa miaka 20, hana elimu, hana mali.

Alihamia mji wa St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko alifua nguo za watu kwa miaka mingi, kwa ujira wa dola moja na senti kadha kwa siku. Kutokana na ujira huo mdogo alimsomesha binti yake.

Zaidi ya taabu hizo, nywele zake zilianza kunyonyoka. Maradhi ya ngozi ya kichwa yaliwapata wanawake wengi wa wakati ule, kwani nyumba za maskini hazikuwa na maji ya bomba, na nywele zilioshwa kwa nadra. Sarah alianza kuuza dawa za nywele za mwanamke mwingine Mweusi, Annie Malone. Mwaka 1905 akahamia Denver, akawa mpishi huku akiendelea kuuza. Mwaka uliofuata aliolewa na Charles Joseph Walker, akachukua jina lake, na akaanza kuuza marhamu yake mwenyewe yenye salfa.

Mnamo Septemba 1906 alianza safari iliyochukua mwaka mmoja na nusu katika majimbo ya Kusini, nchi ambayo mtu Mweusi alitengwa katika gari moshi na kunyimwa chumba hotelini. Mwendo wake ulikuwa wa mpango, kama wa askari aliye katika doria. Akifika mji mpya, alikwenda nyumba kwa nyumba na makanisani, akawaosha wanawake nywele mbele ya wenzao ili waone kwa macho yao, akawafundisha wachache kuwa wauzaji, kisha akaendelea na mji wa pili. Lelia alibaki Denver akipeleka mizigo kwa posta. Mwaka 1910 Madam Walker alihamia Indianapolis, akajenga kiwanda.

Hata hivyo, mafanikio hayakumfungulia kila mlango. Mwaka 1912 alihudhuria mjini Chicago mkutano wa chama cha wafanyabiashara Weusi, ukiongozwa na Booker T. Washington, kiongozi aliyeheshimiwa mno. Aliombewa nafasi ya kusema; mwenyekiti akapita kama hakusikia. Mtu mwingine angaliondoka na kinyongo. Yeye alingoja hata siku ya mwisho, akasimama mahali pake bila kuitwa, akaeleza alivyotoka shamba la pamba, akapita kwenye beseni la kufulia na jikoni kwa watu, hata akajenga kiwanda juu ya ardhi yake mwenyewe. Mwaka 1913 alirudi katika mkutano huo huo, safari hii akiwa msemaji aliyealikwa.

Mwaka 1917 aliwakusanya mjini Philadelphia wauzaji wake zaidi ya 200. Zawadi hazikutolewa kwa aliyeuza sana peke yake; aliyewasaidia sana watu wa mji wake alipewa pia. Katika mwaka huo huo, Marekani ilipoingia vitani, alikuwa miongoni mwa waliodai kambi ya kuwafunza maofisa Weusi. Kambi ilifunguliwa Des Moines, na watu 639 wakapata vyeo humo. Alikwenda pia na wajumbe mpaka Ikulu kulalamikia mauaji ya Weusi; Rais Wilson hakuwapokea. Alizidi kutoa fedha kwa ajili ya kazi hiyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Alifariki tarehe 25 Mei, 1919, kwa maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 51. Wengi humtaja kuwa milionea wa kwanza mwanamke aliyejichumia mwenyewe nchini mwake, ingawa mali aliyoiacha ilikadiriwa kuwa chini ya dola milioni moja. Maelfu ya wanawake aliowafundisha kazi ndio urithi wake ulio mkubwa zaidi.

Askari naye hufikia siku ya kuvua sare. Wengi hurudi nyumbani wakiwa bado na nguvu, wakafungua duka au kununua mashine ya kusaga, na pigo la kwanza likiwapata huona aibu kuanza tena. Na wamkumbuke mfuaji huyu. Kamba hukata jiwe kwa kupita pale pale kila siku.