Honus Wagner, mutoto wa shimo la makala

Hapa Wagenia mutoto haulizwi atafanya kazi gani. Baba anasimama juu ya miti iliyofungwa kwa kamba, katikati ya maji makali, anainua kitunga kikubwa cha samaki; mutoto anamufuata nyuma, na siku moja kitunga kinakuwa chake. Ninyi munaosoma kule Kolwezi, Likasi na Kipushi munajua vile: baba akishuka ku shimo, mutoto naye anaanza kutafuta njia ya shimo. Njo maana leo ninataka kuwasimulia habari za mutu wa mbali, Muamerika, aliyeanza mulemule.

Jina lake Johannes Peter Wagner, lakini watu walimwita Honus. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1874 katika Pennsylvania, inchi ya makala ya mawe, karibu na muji wa Pittsburgh. Wazazi walitoka Ujerumani. Baba alikuwa anachimba makala, na Honus alipofika miaka 12 aliacha masomo, akashuka pamoja na baba na yaya zake. Saa ya kupumzika, ndugu hao walikuwa wanacheza besiboli.

Besiboli ni muchezo gani? Mumoja anatupa mupira mudogo, mugumu sawa jiwe. Mwingine anaupiga kwa fimbo kubwa, halafu anakimbia kuzunguka vituo vine. Watu wa upande ule wanaurudisha mupira mbio. Ukifika kituoni mbele yake, anatoka. Kwetu hatuuchezi, lakini kule Amerika watu walikuwa wanalipwa juu ya kuucheza.

Katika familia, mutu waliyemutegemea kwa mupira alikuwa yaya yake Albert, si Honus. Kumbe ni Albert huyo aliyemuingiza mudogo wake katika ekipe ya Steubenville, mwaka 1895. Tena inasimuliwa kwamba Ed Barrow, mukubwa wa ekipe ya Paterson, alimukuta kijana huyu kando ya reli akitupa vipande vya makala mbali sana, akamuandika kazi. Mimi ninapenda kuamini ni kweli.

Kwa macho hakuwa muzuri wa kutazama. Miguu ya kupinda, mabega mapana, mikono mikubwa kama kitunga cha Wagenia. Akiokota mupira chini, aliuokota pamoja na udongo na changarawe, na vyote viliruka pamoja kwenda kwa mwenzake wa kituo cha kwanza! Lakini alikimbia kupita wengi. Alianza ku Louisville mwaka 1897, na kutoka 1900 alichezea Pittsburgh, kwao, mpaka 1917. Miaka 8 alikuwa wa kwanza kwa kupiga mupira katika ligi yake.

Sasa mwaka 1903. Ligi mbili zilizokuwa zinagombana zilikubali washindi wao wakutane. Pittsburgh juu ya Boston, mwenye kushinda mechi 5 anachukua. Pittsburgh walifika 3 kwa 1, watu wakafikiri maneno yamekwisha. Boston wakashinda 4 mufululizo. Wagner, mutu waliyemutegemea wote, alipiga vibaya, mupira ukamutoka mikononi mara mingi. Na tarehe 13 Oktoba, mutu wa mwisho kusimama na fimbo alikuwa yeye. Bill Dinneen wa Boston akatupa, Wagner akakosa. Ikaisha pale. Magazeti yalimusema vibaya, na yeye aliibeba aibu ile miaka 6.

Mwaka 1909 nafasi ilirudi. Safari hii walikutana na Detroit, ekipe ya Ty Cobb, kijana wa miaka 22, mukali, ambaye wengi walimuogopa. Wagner alikuwa na miaka 35. Wazee wanasimulia kwamba Cobb alimutukana, naye akamujibu kwa kumugonga mupira ku mudomo. Cobb mwenyewe alikana, basi tuiache. Hesabu inatosha: Wagner aliiba vituo 6, Cobb 2, na kwa fimbo pia Wagner alimupita mbali. Mechi ya 7, Pittsburgh 8, Detroit 0.

Jambo moja tusilifiche. Ligi zile zilifungiwa watu weusi mpaka 1947. Kulikuwa John Henry Lloyd, mweusi, aliyecheza nafasi ileile, na watu walimwita Wagner Mweusi. Wagner alipomuona akicheza, alisema ni heshima kwake kulinganishwa naye. Lakini Lloyd hakufunguliwa mulango.

Wakati ule kampuni ya sigara ilikuwa inatia picha za wachezaji katika pakiti. Wagner alikataa yake. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue tumbako juu yake. Wengine wanasema ni juu ya franga. Mwenyewe alikuwa anatafuna tumbako, kwa hiyo sikati neno. Zilizokwisha kutoka zilikuwa kidogo sana, na mwaka 2022 moja iliuzwa zaidi ya dola milioni 7. Yeye, katika miaka yake mizuri, alilipwa dola 10,000 kwa mwaka.

Kisha kuacha kucheza alifungua duka la vitu vya michezo, likaanguka. Mwaka 1933 Pittsburgh walimurudisha afundishe vijana, akabaki mpaka 1951. Mwaka 1936 alikuwa kati ya 5 wa kwanza kuingizwa katika nyumba ya heshima ya muchezo ule, pamoja na Cobb. Alikufa tarehe 6 Desemba 1955, miaka 81, katika Carnegie, muji uleule wa makala alikozaliwa.