Ramazzini, Tabibu Aliyeuliza Habari za Kazi

Jina la Bernardino Ramazzini lajulikana sana miongoni mwa matabibu, kwani ndiye waliyempa sifa ya kuwa baba wa elimu ya maradhi ya wafanyakazi. Leo napenda kuwasimulia wasomaji wangu maisha ya bwana huyu, maana aliyoyaona zamani hizo yangali yanatuhusu sisi tutokao jasho kutafuta riziki.

Alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, nchini Italia. Alisomea udaktari Parma, akahitimu mwaka 1659. Baadaye akaenda kuwatibu watu wa mashambani upande wa Roma, lakini malaria ikamrudisha kwao akiwa hoi. Alipopata nguvu akahamia Modena, na mwaka 1682 akafanywa mwalimu wa udaktari huko.

Huko Modena ndiko alikokutana na mtu aliyemfumbua macho. Mtu huyo, hohehahe, alikuja nyumbani kwake kuzoa shimo la choo. Tabibu akamwona anafanya kazi mbiombio kama afukuzwaye. Akamhurumia, akamwuliza kwa nini asiende polepole asije akajichosha bure. Yule mtu akaeleza kwamba akaaye mle shimoni zaidi ya saa nne hupofuka. Alipotoka, Ramazzini akamchunguza macho, akayaona mekundu na yenye ukungu. Tena mjini walikuwako wengine wa kazi ile ile ambao tayari walikuwa vipofu, wakiomba sadaka.

Tangu hapo tabibu hakuona haya kuingia katika karakana chafu. Desturi ya matabibu tangu enzi za Hippocrates ilikuwa kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi, tangu lini, na amekula nini. Ramazzini akaongeza swali moja zaidi: anafanya kazi gani. Mwaka 1700 alitoa kitabu chake kwa lugha ya Kilatini, kikieleza maradhi ya watu wa kazi zaidi ya 40. Mwaka huo huo akaenda kufundisha Padua, na katika toleo la mwaka 1713 akaongeza kazi nyingine 12.

Linalonivutia mimi ni kwamba hakuishia kwenye vumbi na sumu, ingawa alijua vema jinsi madini ya risasi yalivyowadhuru wafinyanzi. Aliona kuwa mtu aweza kuugua hata kama hashiki kitu chochote chenye sumu. Washonaji wa nguo na viatu, washindao wameinama, walipinda migongo na kufa ganzi miguu. Wasimamao kutwa walivimba miguu. Waoka mikate walikesha watu wakilala, wakalala watu wakiamka.

Ama makarani, hao aliwaandikia habari ambayo mimi, nipataye riziki kwa kalamu na kiti, naisoma kwa makini kuliko zote. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kuketi daima, kurudiarudia mwendo ule ule wa mkono, na kuchosha akili. Alimjua mwandishi mmoja wa hati aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukalegea kabisa. Akajifunza kuandika kwa wa kushoto, na baada ya muda huo nao ukashikwa na ugonjwa ule ule.

Ramazzini hakuwaambia watu waache kazi, kwani alijua tumbo halina likizo. Wenye kuketi aliwashauri wanyooshe viungo na kutembea, angalau siku za mapumziko. Wenye kusimama aliwataka wakatize kusimama kwao kila wapatapo nafasi. Wa kazi chafu aliwahimiza waoge na kubadili nguo. Ni ushauri usiohitaji fedha nyingi, ila wahitaji mwajiri amwachie mtu dakika zake, na mtu mwenyewe asizipuuze.

Uzeeni macho yalimfifia, lakini hakuacha kufundisha. Alifariki Padua mwezi wa Novemba 1714, akiwa na umri wa miaka 81.

Msomaji wangu, iwe wewe ni bawabu wa usiku, dereva wa lori au karani, kazi yako ni sehemu ya ugonjwa wako. Siku utakapokwenda kwa daktari naye asikuulize habari zake, mweleze mwenyewe: waketi saa ngapi, walala saa ngapi, na wala nini ukiwa kazini.