Alessandro Volta na Metali Zake

Juu ya betri ya tochi huandikwa 1.5V, yaani volti moja na nusu. Wengi wetu tumelitamka neno hilo tangu utoto bila kujua kuwa limetoka katika jina la Mkatoliki mmoja wa Italia, Alessandro Volta, aliyezaliwa mjini Como tarehe 18 Februari 1745.

Ukoo wake ulikuwa na mapadre na watawa wengi. Baba yake aliwahi kuishi miaka kadhaa na Wayesuiti kabla ya kuwaacha na kuoa. Alessandro naye alisoma kwao, nao wakamtamani awe mmoja wao, lakini ndugu zake walimtoa chuoni wakitaka asome sheria. Hakuwa padre wala mwanasheria. Alivutwa na umeme, na mwishowe akafundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, naye Mkatoliki mcha Mungu, alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa hustuka ukiguswa kwa metali zilizounganishwa. Kwa maoni yake, umeme huo ulitoka ndani ya mnyama. Volta kwanza alikubali. Kisha akaona jambo: mguu ulistuka zaidi metali zilipokuwa za aina mbili tofauti. Sisi tunaosoma falsafa tunalifahamu swali lililomkamata hapo: ipi ni sababu, na kipi ni chombo tu? Alianza kushuku kwamba chura hatoi umeme ule, anauonyesha tu.

Akamwacha chura, akatumia ulimi wake mwenyewe. Aliweka karatasi ya bati kwenye ncha ya ulimi na kipande cha fedha nyuma yake, akaviunganisha, akasikia ladha ya uchachu. Basi akaanza kuzijaribu metali mbili mbili, kwa miaka, na kuzipanga kwa nguvu zake. Zinki ilikaa mwanzo wa safu. Risasi, bati, chuma na shaba zikafuata. Fedha na dhahabu zikawa upande wa pili. Kadiri mbili zilivyoachana katika safu hiyo, ndivyo nguvu ilivyokuwa kubwa. Aligundua pia kwamba metali tupu zikifungwa katika duara hazitoi mkondo wowote. Lazima pawepo kitu chenye majimaji katikati.

Kutokana na hayo alipanga sahani za zinki na fedha, na kila jozi akaitenga na nyingine kwa kadibodi iliyoloweshwa maji ya chumvi, kama chapati zilizopangwa kwenye sinia. Akiongeza jozi, nguvu huongezeka. Vyombo vya zamani vilitoa cheche moja kisha basi. Hiki kilitoa umeme mfululizo. Alikieleza katika barua aliyoipeleka London kwa Royal Society tarehe 20 Machi 1800. Mwaka huo huo Waingereza wawili waliyatenganisha maji kwa chombo kama hicho, na mwaka 1807 Humphry Davy akapata potasiamu na sodiamu.

Hata hivyo, Volta hakuipata sababu yote. Alidhani kugusana kwa metali kunatosha. Leo twajua kwamba ni zinki inayoliwa polepole ndani ya betri ndiyo hulipia umeme huo. Naye Galvani hakukosea kabisa, maana mishipa yetu ya fahamu hutumia umeme kweli. Maskini, Galvani alikataa kuapa utii kwa serikali iliyoletwa na Wafaransa, akapoteza kazi yake, akafa mwaka 1798 bila kuiona betri. Volta alielewana na Napoleon, akapewa medali na baadaye cheo cha ukabaila. Kwa upande huu sisi tunampenda zaidi Galvani.

Imani yake, lakini, Volta hakuificha. Mwaka 1815, enzi ambayo wasomi wengi wa Ulaya waliidharau dini, aliandika ungamo la imani yake ya Kikatoliki kwa ajili ya kanoni mmoja. Alifariki Como tarehe 5 Machi 1827.

Hadi leo maabara hujaribu metali na chumvi kwa jozi, zikitafuta betri bora. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za simu huchimbwa Kongo. Vyombo vya Volta vingi viliungua mwaka 1899, katika maonyesho ya Como ya kuadhimisha miaka mia ya betri yake. Vilivyookolewa vimehifadhiwa huko huko, katika jumba lililo kando ya ziwa.