Mtakatifu Augustino, Mwalimu Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354, katika mji wa Tagaste, kaskazini mwa Afrika. Leo nchi ile inaitwa Algeria. Wakati ule ilitawaliwa na Waroma. Baba yake, Patrisi, alikuwa mpagani, akabatizwa karibu na kufa kwake. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristu mwenye sala nyingi.

Tangu utoto Augustino alitiwa alama ya msalaba, akahesabiwa kati ya wakatekumeni. Siku moja, angali mdogo, tumbo lilimwuma sana hata akakaribia kufa. Akaomba abatizwe upesi. Lakini alipopona, ubatizo ukaahirishwa, na miaka mingi ikapita.

Augustino alikuwa na akili kali. Wazazi wake hawakuwa matajiri, lakini walijinyima wapate kumsomesha. Alisoma Madaura, kisha Kartago, mji mkubwa wenye bandari. Akili yake ilikua, lakini moyo wake ukapotea. Alipokuwa na miaka 16 alikwenda usiku pamoja na vijana wenzake, wakaiba matunda ya mtu. Hawakuwa na njaa. Matunda yale waliwatupia nguruwe. Huko Kartago akakaa na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto mwanamume, jina lake Adeodatus. Akafuata pia mafundisho ya uongo ya Wamanikei, miaka tisa. Monika alilia mbele ya Mungu usiku na mchana.

Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma. Mama yake alimfuata mpaka pwani, asitake kumwacha. Augustino akamdanganya: alimwambia kwamba anangoja tu safari ya rafiki yake. Monika akaenda kusali katika kanisa dogo lililokuwa karibu. Usiku ule merikebu ikaondoka. Kulipokucha, mama alikuta bahari tupu. Lakini hakuacha kusali. Baadaye alivuka bahari, akamfuata mwanawe hata Ulaya.

Mwaka 384 Augustino alipata kazi kubwa huko Milano, mji wa kaizari. Akawa mwalimu wa kuwafundisha vijana ufasaha wa kusema. Watu walimsifu. Askofu wa Milano alikuwa Ambrosi. Augustino alikwenda kanisani kumsikiliza, mwanzoni kwa ajili ya kupima ufasaha wake tu. Lakini maneno yakaingia moyoni polepole. Akajua kwamba Eklezia inafundisha kweli, walakini hakuwa na nguvu za kuacha mazoea yake mabaya. Kila siku alijiambia kwamba ataongoka kesho.

Mwaka 386, wakati wa kiangazi, alikuwa katika bustani, akilia kwa sababu ya utumwa wa moyo wake. Akasikia sauti ya mtoto katika nyumba ya jirani, ikiimba na kurudia kwamba achukue, asome. Akachukua kitabu cha Mtume Paulo, akasoma mahali palipofunguka. Hapo Mtume anawaagiza Wakristu waache ulevi na uasherati, na wamvae Bwana Yezu Kristu. Mara giza likaondoka moyoni mwake. Akaenda kumwambia mama yake, na Monika akamshukuru Mungu kwa furaha kubwa.

Augustino akaacha kazi yake yenye sifa. Akamwuliza Ambrosi asome kitabu gani ili ajitayarishe kwa ubatizo. Askofu akamwagiza asome Nabii Isaya. Mwalimu mkubwa akafungua kitabu, lakini kurasa za kwanza zikamshinda kufahamu. Hakuona haya. Akakiweka kando kwanza, mpaka awe amezoea zaidi maneno ya Mungu.

Ikafika Kwarezima ya mwaka 387. Augustino, mwenye miaka 32, akaandikisha jina lake pamoja na wote walioomba ubatizo. Aliyezoea kufundisha sasa aliketi kufundishwa. Wakatekumeni walifunga, wakasali, wakasikiliza kila siku habari za Abrahamu na watakatifu wengine wa kale. Walijifunza Nasadiki kwa moyo, maana ilikatazwa kuiandika. Ilipaswa kukaa ndani yao. Adeodatus, mwenye miaka karibu 15, alijifunza pamoja na baba yake. Rafiki yao Alypius alitaka kuutiisha mwili wake hata akatembea miguu mitupu juu ya ardhi ya Italia iliyoganda kwa baridi.

Usiku wa Pasaka, Ambrosi akawabatiza wote watatu. Mabaki ya kisima kile cha ubatizo chenye pembe nane yanaonekana hata leo, chini ya kiwanja cha kanisa kuu la Milano. Mwaka uleule Monika alikufa huko Ostia, karibu na Roma, mwenye amani, kwani alikwisha kuona alichokiomba.

Augustino alirudi Afrika mwaka 388. Akawa padri katika mji wa Hippo mwaka 391, na baadaye askofu wa mji ule. Kila Kwarezima aliwafundisha waamini wake. Aliwaambia kwamba chakula wanachojinyima wawape wenye njaa, wasikiweke akiba kwa faida yao. Aliwakemea walioacha nyama na divai, kisha wakatafuta vyakula na vinywaji vingine vya thamani. Aliwahimiza wamsamehe kila aliyewakosea. Na wakatekumeni aliwaagiza wakariri Nasadiki kila siku, wanapoamka na wanapolala.

Mwaka 430 askari wa Wavandali waliuzunguka mji wa Hippo. Augustino, mzee wa miaka 75, akashikwa na homa. Aliandika vitabu vingi sana, na watu wa mbali walimwomba mashauri. Hata hivyo aliona kwamba hakuna Mkristu anayeweza kuondoka duniani bila toba. Akaagiza zaburi za toba ziandikwe, zitundikwe ukutani mbele ya kitanda chake. Siku kama kumi aliomba asiingiliwe na mtu, ila waganga na wale waliomletea chakula. Akabaki akisoma zaburi zile na kulia. Akafa tarehe 28 Agosti.

Watoto, Kwarezima ni shule. Ndani yake hakuna aliyekwisha maliza masomo. Mwalimu wa Milano aliketi ndani yake pamoja na mwanawe. Askofu wa Hippo alisoma somo la toba mpaka siku ya mwisho. Nasi tusingoje kesho.