Kipawa Chako ni cha Nani?

Mpendwa msomaji, Mungu amekupa kipawa gani? Huenda ni sauti nzuri, akili ya biashara, mkono wa ufundi, au ulimi wa kuchekesha. Leo tumtazame Dick Gregory, mchekeshaji mweusi wa Marekani aliyefariki mwaka 2017.

Alizaliwa mwaka 1932 mjini St. Louis, katika ufukara. Mbio za riadha zilimfikisha Chuo Kikuu cha Southern Illinois. Januari 1961 alipanda jukwaani Chicago, katika ukumbi uliojaa wafanyabiashara wazungu kutoka Kusini. Aliutania ubaguzi wa rangi mbele yao, nao wakacheka. Tangu usiku ule jina na fedha vikamfuata.

Ndugu yangu, wengi wetu tungeishia hapo na kumshukuru Mungu kwa baraka. Gregory hakuishia hapo. Mwaka 1963 watu weusi wa Greenwood, Mississippi, walinyimwa chakula cha msaada wakati wa baridi kali, kwa kuwa walijiandikisha kupiga kura. Alikodi ndege akawapelekea chakula. Mwaka huohuo alitiwa jela Birmingham. Mwaka 1965, akijaribu kutuliza ghasia za Watts, Los Angeles, alipigwa risasi mguuni.

Miaka iliyofuata alizidi kuyaacha majukwaa ya vilabu, akazunguka vyuoni kuzungumza na vijana. Wanafunzi walikuja kucheka, naye aliwachekesha kwanza. Mioyo ikishalainika, aliwaeleza habari za vita vya Vietnam, njaa na ubaguzi, akiwakabidhi kazi ya kuitengeneza nchi yao. Nao waliona kwamba hakuwa akisema tu: alikuwa amefunga siku nyingi bila kula kupinga vita hivyo, hata mwili ukakonda.

Waebrania sura ya 11 inatukumbusha kwamba Musa alikataa heshima ya nyumba ya Farao, akachagua kuteseka pamoja na watu wa Mungu. Alijua anachokiacha.

Je, wewe kipawa chako kimemfaa nani nje ya nyumba yako? Wiki hii mtafute mtu mmoja asiyeweza kukulipa, umtumikie kwa kile unachokijua vizuri. Usingoje kwanza utajirike.

Ee Bwana, tufundishe kutoa ulichotupa, hata pale kinapotugharimu. Amina.